Kichaka, Penseli na Mzinga

Nawasalimu nyote mlioko Singida Mjini na Ikungi, Manyoni na Itigi, Kiomboi kule Iramba, na ninyi wa Nduguti, Mkalama. Mzee wangu unayerudisha ng'ombe zizini, shikamoo. Mama uliye jikoni, redio ikiwa dirishani na ugali wa mtama uko motoni, shikamoo. Kijana wa bodaboda unayengoja abiria stendi, mambo?

Jioni ya leo nataka tuzungumze habari ya kuchora. Ndiyo, kuchora: penseli na karatasi, au mkaa na ukuta. Najua kuna baba hapo ameshanuna: "Haya ni mambo ya chekechea, mimi nangoja bei ya alizeti." Subira, baba. Taarifa ya habari bado. Nipe dakika hizi chache nikueleze kwamba kuchora pori, kulichunguza pori, na kula kutokana na pori bila kulimaliza ni kazi moja. Narudia, maana hili ndilo neno langu la leo: kuchora, kuchunguza na kutumia kwa kiasi ni kazi moja. Watu wa nchi hii ya kati waliifanya hivyo zamani sana. Sisi tumekuja kuigawa. Uchunguzi tumempa mtaalamu, uchoraji tumemwachia mtoto, na matumizi tumemwachia mwenye panga.

Tuanzie kwenye mawe. Mgeni akishuka Singida, kitu cha kwanza anachouliza ni nani aliyapanga mawe haya. Majabali ya granaiti kila upande, mengine yamebebana kama yataanguka kesho, na hayaanguki. Sasa, baadhi ya majabali ya ukanda wetu huu yana picha. Maarufu zaidi ni ya majirani zetu wa Kondoa, kule Kolo na vilima vinavyopakana nako, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Lakini michoro haikuishia Kondoa. Imo pia humu mkoani kwetu, na daktari mmoja Mjerumani, Ludwig Kohl-Larsen, aliyezunguka Isanzu na Iramba miaka ya 1930, aliandika juu ya michoro ya sehemu hizi.

Je, wachoraji wale walichora nini? Walichora twiga. Walichora tembo. Walichora pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala. Walichora watu pia, wembamba, warefu, wengine wana nywele za ajabu. Rangi nyekundu ilitokana na udongo wenye kutu ya chuma, ule ule unaouona ukingoni mwa barabara. Nyeupe ilikuja baadaye, ya wakulima na wafugaji, na mahali pengine imepakwa juu ya ile nyekundu ya wawindaji waliotangulia.

Sasa nakuuliza wewe unayejua ng'ombe: unaweza kumchora ng'ombe wako bila kumtazama, akatoka yeye na si ng'ombe mwingine? Jaribu usiku huu. Pembe zinaanzia wapi, mbele ya sikio au nyuma yake? Nundu inaishia wapi? Utaona unavyokwama. Basi yule aliyemchora pofu kwa mistari myekundu, na leo mtaalamu wa wanyama akisimama mbele ya jabali anasema bila kusita "huyu ni pofu", alikuwa amemtazama mnyama huyo miaka. Alijua anavyosimama akisikia kitu, anavyoinamisha shingo. Alijua hayo kwa sababu maisha yake yalitegemea kujua. Mimi picha ile naihesabu kuwa utafiti.

Mwaka 1951 Mary Leakey, yule mama mwanaakiolojia wa Olduvai, alikwenda Kondoa na kukaa huko akinakili michoro. Aliweka karatasi inayoonyesha upande wa pili juu ya jiwe, akafuata mstari kwa mstari. Alinakili picha zipatazo 1600, na kitabu chake juu ya michoro hiyo kilitoka mwaka 1983. Fikiria kazi hiyo, juani, mkono hautakiwi kutetemeka. Kwa nini hakupiga picha kwa kamera akaenda zake? Kwa sababu mkono unaofuata mstari unalazimisha jicho lisiruke. Shikeni hapo, nitaparudia.

Lakini kabla ya Mary Leakey kuna kisa kingine, na hiki ndicho kilichonifanya nichague mada hii. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilikuwa na shida kubwa na mbung'o, wale wengine mnawaita ndorobo. Ng'ombe wanakufa kwa nagana, watu wanakufa kwa malale, vijiji vinahamishwa. Ikaundwa idara ya utafiti wa mbung'o, chini ya bwana mmoja aitwaye Charles Swynnerton. Kwanza makao yalikuwa Kondoa, baadaye yakahamia Shinyanga. Mmoja wa watafiti waliokuwa Kondoa, jina lake Nash, alikuwa porini na mambo yake ya mbung'o akakutana na jabali lenye picha. Akaandika habari zake, zikachapishwa mwaka 1929. Mmeona? Mtu wa mbung'o ndiye anayetoa taarifa ya michoro. Ilikuwaje? Ni kwa sababu alikuwa anatembea kwa miguu, anatazama. Anayetembea porini akitazama huona vingi asivyotumwa kuvitafuta.

Katika idara hiyo hiyo alikuwamo mtaalamu wa mimea, Bernard Burtt. Huyu alizunguka nchi hii ya kati akikusanya majani, maua na matunda, akivikausha, akiandika kila kichaka kinaota wapi na kwenye udongo gani. Miti kadhaa imepewa jina lake, na mmoja unaoota kwenye vichaka vya Itigi wataalamu waliuita Burttia. Mwezi Juni 1938, Burtt na mkuu wake Swynnerton walikufa pamoja katika ajali ya ndege humu nchini. Maandishi makubwa ya Burtt juu ya mimea ya Afrika Mashariki yalichapishwa baada ya kifo chake, mwaka 1942, na ndiyo ambayo watafiti wa vichaka vya Itigi wanaanzia mpaka leo.

Vichaka vya Itigi! Wasikilizaji wa Itigi na Manyoni, nyinyi mnavijua. Msafiri wa treni ya reli ya kati anaviona dirishani, anasema "kichaka tu", anarudi kulala. Si kichaka tu. Ni msitu mfupi, urefu wake mita tatu mpaka tano hivi, matawi yamefumana kiasi kwamba mtu mzima haingii bila panga. Unaota kwenye udongo wa kichanga wenye tabaka gumu chini yake. Kiangazi majani yote yanapukutika, pori linakuwa kijivu, unadhani limekufa. Mvua ya kwanza ikinyesha, linarudi lote. Na ndani yake hakuna nyasi za kutosha, kwa hiyo moto wa nyika ukifika ukingoni hupata shida kupenya. Mahali pengine duniani penye vichaka vya namna hii ni kaskazini mwa Zambia, kuelekea ziwa Mweru Wantipa na Tanganyika. Basi. Narudia: hapa kwetu, na kule Zambia. Na sehemu kubwa ya vya kwetu imeshafyekwa, kwa mashamba, kwa mkaa na kwa kuni.

Nisiwafiche jambo moja. Utafiti ule wa kina Swynnerton haukuwa wa kulipenda pori. Ulikuwa wa kulifyeka. Walitaka kujua mbung'o anapumzika kwenye kivuli cha mti gani ili mti huo ukatwe. Shinyanga watu walitolewa kwa maelfu kufyeka misitu, na kweli mbung'o walipungua. Lakini miti iliyoondoka kwa mbung'o, kisha kwa pamba, kisha kwa mifugo mingi, iliiacha Shinyanga imekauka mpaka mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kurudisha ngitili. Na ngitili ni nini? Ni mtindo wa Wasukuma wenyewe wa kutenga eneo la malisho likapumzika. Walijua tangu mababu. Kwa hiyo utafiti peke yake haukutosha. Mtu anaweza kukijua kichaka jani kwa jani, akakijulia ili akimalize. Hapo ndipo ile kazi nyingine, ya kuishi nacho, inapohitajika.

Ila daftari za Burtt zimebaki, na leo zinafanya kazi ambayo aliyemwajiri hakuitaka: zinatuambia ni nini kilikuwapo. Mimi napenda sana mambo yakigeuka hivyo.

Turudi kwenye penseli. Mimea aliyokusanya Burtt na wengine wengi ilipelekwa Uingereza, bustani ya Kew, na kuanzia mwaka 1952 vikaanza kutoka vitabu vya mimea yote ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kazi ilimalizika mwaka 2012. Miaka sitini! Mimea zaidi ya 12000. Katika vitabu hivyo nchi zetu zimegawanywa kwa namba, na sisi na Dodoma tumo ndani ya T5. Ukifungua kurasa zake utakuta michoro ya wino mweusi: tawi lenye majani, pembeni ua limepasuliwa ionekane ndani yake, chini tunda, na mbegu, na hata vinyweleo vya mgongoni mwa jani.

Utaniuliza, zama hizi za simu, kuna haja gani ya kuchora? Swali zuri. Picha ya simu inachukua kilichokuwapo siku ile: jani lililoliwa na panzi, ua lililoanza kunyauka, kivuli cha mpiga picha. Mchoraji anaweka pamoja ua la Desemba na tunda la Mei kwenye ukurasa mmoja. Anachagua. Na hawezi kuchagua mpaka ameelewa. Ndiyo maana wataalamu wa mimea bado wanatumia wachoraji.

Sasa twende kwenye asali, maana najua wengi mlikuwa mnaingoja.

Kwenye wilaya yetu ya Mkalama, kule Munguli, wanaishi ndugu zetu Wahadzabe, na wenzao wengi wako kuzunguka ziwa Eyasi. Mhadzabe akienda kutafuta asali hupiga mluzi. Mluzi ule una mpangilio wake, una muziki. Ndege mdogo anaitwa mlembe anausikia, anakuja, anaanza kulia na kuruka mti kwa mti mpaka kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Watafiti wawili, Claire Spottiswoode na Brian Wood, walichapisha mwaka 2023 matokeo ya jaribio lao. Walipiga mluzi wa Wahadzabe uliorekodiwa huku Tanzania, kisha wakapiga sauti ya Wayao wa Msumbiji, ambao huwaita mlembe wao kwa mguno. Mlembe wa huku alifuata mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko ule mguno. Kule Msumbiji mambo yakawa kinyume, ndege aliufuata mguno wa kwao. Kumbe ndege amejifunza wimbo wa majirani zake!

Hebu pima jambo hilo. Ule mluzi ni sanaa au ni utafiti au ni namna ya kutafuta chakula? Ukimuuliza mwenyewe Mhadzabe, nadhani atakushangaa kwa kutenganisha. Na kijana wa Kihadzabe akiacha kupiga mluzi, kitakachopotea si wimbo tu. Ndege naye hatakuwa na wa kumwongoza.

Wengi wetu si Wahadzabe, tunafuga nyuki kwenye mizinga. Manyoni tuna hifadhi ya nyuki ya Aghondi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na asali ya Manyoni na Itigi inajulikana. Lakini tuseme ukweli kuhusu mzinga wa gome. Ili upate gome la mzunguko mzima unauvua mti nguo yote, na mti uliovuliwa gome pande zote umekufa, hata kama majani yatachelewa kunyauka. Mti ule wenyewe, mtundu au myombo, ndio uliokuwa unawapa nyuki maua. Unaua ng'ombe ili upate kamba ya kumfungia! Mzinga wa mbao ni ghali, najua. Ila mbao za mti mmoja zinatoa mizinga kadhaa, na mizinga hiyo inakaa miaka.

Na swali la msingi kwa mfugaji wa nyuki ni lipi? Si bei. Ni hili: mti gani unachanua lini? Ukijua hilo unajua lini utundike mzinga, lini usiuguse, na nani asikate nini. Wazee warina asali wanalo kichwani. Limeandikwa wapi? Kijiji chako kina karatasi inayoonyesha miti yake inachanua mwezi gani? Ndiyo hapo narudi kwenye neno langu: kuchora, kuchunguza na kutumia kwa kiasi ni kazi moja.

Majirani zetu wa Dodoma wamelijaribu jambo hili kwa namna yao. Wanaita Kisiki Hai. Tangu mwaka 2018 taasisi ya LEAD Foundation, pamoja na wenzao wa Justdiggit kutoka Uholanzi, wanahimiza wakulima wasing'oe visiki mashambani. Mizizi ya kisiki bado iko hai chini, inafikia maji. Unachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, unapogoa mengine, unafunga alama ya kitambaa ili anayelima asikate, unalinda. Habari hiyo ilipelekwa vijijini kwa nyimbo, kwa filamu, na kwa picha zilizochorwa kwenye kuta za majengo. Mama anayekwenda kisimani anaona kwenye ukuta namna ya kupogoa. Hakuitwa kwenye semina, hakupewa soda. Mimi, kusema kweli, naiamini picha ile ya ukutani kuliko zile sherehe zetu za kupanda miti, ambapo kiongozi anashika mche, anapigwa picha, na mche unaachwa kwa mbuzi.

Kwa hiyo tufanye nini sisi wa Singida? Sina mradi wa kuwauzia. Nina pendekezo kwa walimu, na kwa wazazi wasio na mwalimu wa kuwasikiliza.

Chagueni mti mmoja karibu na shule. Mmoja tu. Mbuyu, mkwaju, mgunga, wowote wa asili. Kila mwisho wa mwezi watoto wauchore. Si mti wa kutunga, ule wenye shina kama fimbo na majani kama wingu. Wauchore ule uliopo. Una majani? Wachore jani moja, kwa ukubwa wake halisi, wakilihesabia mishipa. Una maua? Wachore ua, waandike kuna nyuki au hakuna. Juu ya karatasi waandike tarehe, jina la kijiji, na jina la mti kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, Kinyaturu, Kinyiramba, Kisanzu, Kitaturu, yoyote. Jina la lugha ya nyumbani wakamuulize bibi. Na wamuulize pia mti huo unatumika kwa nini, nani haruhusiwi kuukata, na kwa nini.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi. Mwaka mmoja wa michoro utaonyesha mti unachipua kabla ya mvua au baada yake. Miaka mitano itaonyesha kama tarehe zinasogea. Hapo mtoto wa darasa la sita wa Sepuka au Mgandu ana kitu ambacho mtafiti wa chuo kikuu atakuja kukiomba.

Watoto wa mjini, msiseme hamna pori. Mnayo maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Chagua jiwe moja ukingoni, chora maji yamefika wapi, na kuna heroe wangapi. Heroe hula mwani mdogo sana wa maji ya chumvi. Maji yakibadilika, naye huhama. Kuna majira wamejaa, ziwa limekuwa la waridi, na kuna majira humwoni hata mmoja. Nani anaweka kumbukumbu?

Mwalimu mmoja atasema karatasi hatuna. Geuzeni nyuma karatasi za mitihani ya mwaka jana. Penseli hamna? Kipande cha mkaa kinatosha, mradi mkaa huo tusiukate Itigi. Na mumwekee mtoto michoro yake kwenye faili, mahali mchwa hawafiki, maana mchoro wa Januari hauna maana bila wa Julai.

Wiki ijayo, siku na saa kama hii, nitakuwa na mrina asali mmoja hapa studio, tutamwuliza miti mitano anayoitegemea zaidi na miezi yake ya kuchanua. Mwenye karatasi aiandae. Fundi mitambo ananionyesha saa ya ukutani.